Kiswahili cha Mashabiki na Kiburi cha Walimu

Imekuwa desturi katika mikutano yetu kuwatupia lawama mashabiki wa mpira. Husemwa kwamba wanaharibu lugha, kwamba Kiswahili chao ni cha wahuni, na kwamba mwanafunzi aliyelelewa na watangazaji wa mpira hafundishiki. Maneno hayo hupigiwa makofi. Sisi hatuyakubali.

Tuitazame siku moja tu ya mashabiki hao. Tangu 2009 klabu ya Simba ya Dar es Salaam imekuwa na siku yake kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Agosti. Wachezaji wa msimu mpya hutambulishwa mmoja mmoja mbele ya wapenzi wao, waimbaji hutumbuiza, kisha huchezwa mechi ya kirafiki. Uwanja wa Benjamin Mkapa, unaochukua watu 60,000, hufurika. Watani wao Yanga nao wana Wiki ya Mwananchi tangu 2019. Ngagara iko mbali na uwanja huo, lakini siku hiyo kumbi zetu zenye televisheni hazina pa kutia mguu. Watoto huketi sakafuni, wakubwa husimama hadi mlangoni, na aliyechelewa huchungulia dirishani. Si ajabu, kwa kuwa Warundi wamo katika habari hiyo. Amissi Tambwe alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania msimu wa 2013/14 akiwa Simba, kisha akahamia Yanga. Saidi Ntibazonkiza, naye wa Simba, alimaliza msimu wa 2022/23 na mabao 17, sawa na Fiston Mayele wa Yanga. Wote wawili, Tambwe na Ntibazonkiza, walipitia Vital'O ya hapa hapa Bujumbura.

Tulishinda katika ukumbi mmoja wa namna hiyo kutwa nzima, kalamu mkononi, na tuliyoyaandika yanatosha masomo ya muhula. Chukueni kitenzi kimoja tu, *funga*. Kabla mechi haijafika mapumziko tulikwisha kusikia kwamba fulani amefunga, kwamba wenzake wamefungwa, kwamba kipa amefungisha kwa uzembe, kwamba yule wa msimu uliopita alikuwa hafungiki, na kwamba mshambuliaji mpya ameifungia timu yake bao la kwanza. Hakuna aliyekuwa na kitabu, na hakuna aliyekosea maana. Sisi huchora jedwali la vinyambuo ubaoni, watoto wakalinakili kwa wino wa buluu, na kengele ikilia wanatoka wakizungumza Kirundi.

Mtoto mmoja aliuliza *kuotea* ni nini. Mzee aliyekuwa karibu naye akamjibu bila kuondoa macho kwenye picha: mwindaji hujificha njiani akamngoja mnyama apite, huko ndiko kuotea; na mchezaji huyu naye alikuwa amejibanza nyuma ya mabeki akiungoja mpira umfikie. Mtoto akatikisa kichwa, akaelewa neno na sheria kwa pamoja. Tunawaomba wenzetu wanaodharau kumbi hizo watuonyeshe fasili iliyo bora kuliko hiyo.

Hatusemi kwamba yote yanayosemwa humo ni safi. Tulisikia *mpira yake* na *mchezaji hii* mara nyingi kuliko tulivyopenda, na kazi ya kuyanyoosha hayo ni yetu. Tena tuna ugomvi wetu na klabu yenyewe. Timu hiyo iliitwa Sunderland hadi 1971, ilipojivua jina la kigeni na kujiita Simba. Iweje basi siku yake kubwa iitwe Simba Day, kana kwamba lugha iliyoipa klabu jina haina neno la kuitia siku? Yanga wamewashinda katika hilo. (Msituulize tunashabikia timu gani.)

Lakini jambo lililotufanya tuandike ni zito kuliko upatanisho wa sarufi. Katika nchi hii jina la Mswahili limebebeshwa uongo na ujanja kwa muda mrefu. Ngagara ilijengwa na ile OCAF ya Wabelgiji katika miaka ya 1950, na familia nyingi humu zilikua zikiamini kwamba Kifaransa ni cha ofisi, Kirundi ni cha nyumbani, na Kiswahili ni cha watu wa Buyenzi. Mwalimu wa Kiswahili anaposimama darasani na kuyaita mazungumzo ya mashabiki lugha ya wahuni, huirudia dharau hiyo kwa chaki, tena dhidi ya lugha inayompa mshahara. Wenye umri wetu wanavikumbuka vita vilivyoanza 1993, mji ulipogawanyika mtaa kwa mtaa na Ngagara ikabaki na kabila moja. Wanakumbuka pia kwamba Buyenzi, mtaa huo huo wa Waswahili, watu wa makabila mbalimbali waliendelea kuishi pamoja. Katika ukumbi tuliokuwamo watu waligombana kwa sauti kubwa, wakaitana *makolo* na *utopolo*, kisha wakagawana karanga za kijana aliyekuwa akizipitisha kwenye sinia. Hakuna aliyeulizwa ukoo wake.

Tunapendekeza jambo dogo. Mwalimu arekodi nusu saa ya utangazaji, wanafunzi waisikilize darasani, waandike vitenzi vyote walivyovisikia, wavipange kwa vinyambuo vyake, na mwishoni wayasahihishe makosa ya mtangazaji, maana naye hukosea. Mwenzetu mmoja ametujibu kwamba mtaala hauna nafasi ya mpira. Tunamwuliza, una nafasi ya nini, ikiwa hauwezi kutenga nusu saa kwa Kiswahili ambacho watoto hukifuata wenyewe, wakiwa wamesimama mlangoni, bila kuitwa majina?