Safari Ni Neno Letu, Masimulizi Ni ya Nani?

Upo usemi uliozoeleka katika vikao vyetu vya lugha: kwamba mashindano ya magari hayana Kiswahili, kwamba mtu akitaka kuyaeleza hana budi aazime nusu ya maneno, na kwamba hata akiyapata maneno hapatikani mshairi wa kuyaimba, maana chuma hakina hisia. Naupinga usemi huu tangu neno lake la kwanza hadi la mwisho. Naupinga nikiwa Gonja, mashariki ya milima ya Upare, mahali pasipo uwanja wa mashindano wala bango la mdhamini, ila pana barabara. Na barabara hiyo imewafundisha watu lugha ambayo malenga wetu hawajataka kuisikiliza.

Nianze na mashindano yenyewe. Msimu wa 2024 wa ubingwa wa dunia wa mbio ndefu za magari ulikuwa na mbio nane. Ulianzia Qatar, ukapita Imola, Spa, Le Mans, São Paulo, Austin na Fuji, ukaishia Bahrain. Katika mbio hizi gari moja huendeshwa na madereva wawili au watatu kwa kupokezana, na mzunguko mmoja wa kasi hausaidii kitu ikiwa gari litakufa kabla ya mwisho. Le Mans, mashindano yaliyoanza mwaka 1923, huchukua saa 24. Ferrari iliyoshinda huko mwaka 2024 ilizunguka mara 311, yaani zaidi ya kilomita 4,200. Qatar waliweka mbio za kilomita 1,812, tarakimu zinazokumbusha tarehe 18 Desemba, sikukuu ya taifa lao. Miongoni mwa madereva wa msimu huo alikuwamo Ahmad Al Harthy wa Oman, aliyepokezana BMW namba 46 na Valentino Rossi na Maxime Martin. Na nisba ya Al Harthy si ngeni masikioni mwa mtu wa Unguja. Jambo hili, basi, haliko mbali nasi kama tunavyojidanganya, ingawa katika mbio hizo nane hakuna hata moja iliyofanyika Afrika.

Sasa tutazame tunavyoyaeleza. Mwandishi wetu wa michezo hukutana na jina la Kiingereza la mbio hizi, hufungua kamusi, hupata "uvumilivu", na papo hapo tunaletewa "Ubingwa wa Dunia wa Uvumilivu". Msomaji hudhani ni mashindano ya watu wanaosubiri mshahara. Uvumilivu ni wa moyo: mtu huvumilia maneno, huvumilia njaa, hunyamaza na kungoja. Gari halivumilii, gari huhimili. Twasema daraja limehimili mafuriko, boriti imehimili paa, mtu amehimili msiba. Ndani ya kitenzi hicho mna mzigo, kwa kuwa asili yake ya Kiarabu ni ile ile iliyotupa hamali, mbeba mizigo wa bandarini. Mbio za uhimilivu, basi, ni mashindano ya kujua nani ataubeba mzigo mrefu bila kuvunjika. Sidai kwamba ni lazima neno hilo lishinde. Nasema lilikuwapo mbele ya miguu yetu, na hakuna aliyeinama kuliokota.

Yako na mengine. Dereva anapompisha mwenziwe baada ya saa mbili tatu usukanini, watangazaji wetu huhangaika na maneno ya kigeni, ilhali "zamu" iko kinywani mwa kila mlinzi, kila muuguzi na kila baharia. Katika mbio za rali, yule anayeketi kando ya dereva akimsomea kona na makorongo tumemwita "navigeta", kana kwamba Waswahili hawajawahi kusafiri na mtu wa kuwaonyesha njia. Jahazini nahodha ana amri, rubani ana njia. Ndiye ajuaye miamba iko wapi na mkondo waelekea wapi. Ndege zilipokuja tulimpa rubani wa bahari kazi ya angani bila kuomba ruhusa ya mtu. Gari limekosa nini?

Hata saa zetu tumeziweka kando. Mbio za Le Mans kwa desturi huanza saa 10 jioni, na mtangazaji wetu hutwambia "saa kumi na sita". Mtu huyo ameipoteza hesabu inayoanza upya usiku unapoingia. Ukisema gari limeharibika saa 8 usiku, umekwisha kumwambia msikilizaji kwamba dereva yuko ndani kabisa ya giza, na mapambazuko bado. Lugha gani nyingine ingeyasema hayo yote kwa maneno matatu?

Lakini hazina kubwa haimo kamusini. Imo njiani. Barabara itokayo Same kupitia Kisiwani, Gonja Maore na Ndungu hadi Mkomazi huambaa ubavu wa mashariki wa milima, hifadhi ya Mkomazi ikiwa upande wa pili. Kutoka Maore ziko njia zinazopanda kuelekea Bombo na vijiji vya juu, kona juu ya kona. Kwa miaka mingi mabasi ya abiria na malori ya mpunga na tangawizi yamepita huku katika vumbi la kiangazi na tope la masika. Waliosafiri nayo hawakungoja kamati ya istilahi. Gari lililozidiwa na joto "limechemsha", na leo hata mtu aliyeshindwa mtihani twasema amechemsha. Injini iliyokufa kwa kukosa oili "imenoki". Gurudumu lisilopata mshiko "linaserereka", na likizama "limetitia". Rejeta, shokomzoba, stelingi, klachi: maneno haya yaliingia kwa mlango wa gereji, yakapewa irabu, yakavishwa ngeli, yakawa raia. Utingo anayeruka na jiwe mkononi kulikinga gurudumu la nyuma lisirudi bondeni hahitaji mtu wa kumfafanulia uhimilivu.

Hicho ndicho Kiswahili cha mbio ndefu. Kimejaribiwa na mvua, kimejaribiwa na mlima. Kasoro yake ni moja tu: kinasemwa na watu wasiochapisha diwani.

Hapa ndipo mwenye kunipinga huhama uwanja. "Haya, maneno yapo," husema, "lakini gari si mada ya ushairi." Kauli hii hunishangaza zaidi inapotoka kwa mtu aujuaye utenzi. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, miongoni mwa tenzi kongwe zilizotufikia, unahusu jeshi lililofunga safari ndefu. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, na ndani yake Salim bin Abakari anaeleza alivyofika Urusi na Siberia. Zaidi ya miaka 120 iliyopita Kiswahili kiliweza kusimulia baridi ya Siberia. Leo tunaambiwa hakiliwezi tope la Gonja? Washairi wa pwani waliimba chombo cha baharini pamoja na viungo vyake, mkuku na foromali, demani, omo na tezi, wala hawakuona haya kwamba hayo ni maneno ya mafundi. Mkuku wa jahazi una haki gani ya kuimbwa ambayo springi ya lori haina?

Kwa kuwa hoja ya ushairi hujibiwa kwa ushairi, natoa ubeti mmoja wa mizani kumi na sita. Mwenye kuukosoa na aukosoe:

Liko gari matopeni, mipira yake yanuka,
Dereva yu usukani, jasho usoni lashuka,
Utingo naye yu chini, jiwe nyuma ameweka,
Mwendo haupo mbioni, upo katika kufika.

Nilipokitunga kibwagizo hicho, mawazo yangu hayakuwa Ufaransa. Yalikuwa kwenye mashindano yaliyopita katika nchi zetu wenyewe, tena yakibeba neno letu.

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano yaliyoitwa Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia zake zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Katikati ya miaka ya 1970 yakabaki Kenya peke yake. Ubingwa wa dunia wa rali ulipoanza mwaka 1973 yalikuwamo, yakatoka baada ya 2002, yakarejea 2021. Katika miaka yake ya mwanzo yalijulikana kwa urefu na ugumu wake. Mwaka 1963 yaling'oa nanga magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yakafika tena 7. Miaka yote miwili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mara tano. Hadi Hannu Mikkola alipokuja kushinda mwaka 1972, hakuna dereva wa kutoka ng'ambo aliyewahi kutwaa taji hilo. Wenyeji waliijua njia, nayo njia iliwajua.

Nionyesheni utenzi wa mashindano hayo. Nionyesheni diwani iliyompa Joginder Singh beti ishirini, au iliyowahesabu wale saba wa 1963 mmoja mmoja kama mashujaa wanavyohesabiwa vitani. Neno safari, tulilolipokea kutoka Kiarabu tukalilea hadi likawa mwana wa nyumba, lilipakwa rangi kwenye milango ya magari na kusomwa Ulaya na Japani. Jina likaenda kwa Kiswahili, masimulizi yakaandikwa kwa Kiingereza, nasi tukabaki tukijisifu kwamba dunia inatamka neno letu. Sifa ya namna hiyo ni ya mtu aliyeazimwa kanzu yake kwenda harusini, naye mwenyewe hakualikwa.

Watanijibu: hayo yalikuwa mambo ya walowezi na matajiri, yaliyoanza kwa kumshangilia malkia wa kigeni, mwanakijiji aliambulia vumbi. Hii ndiyo hoja pekee ya wapinzani wangu ninayoiheshimu, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni kweli. Ila wanaitumia vibaya. Tazameni picha za zamani za Safari: gari limezama, na nyuma yake wamejipanga watu, migongo imeinama, miguu imezama hadi kwenye magoti, wanasukuma. Jina la dereva mtalikuta. Majina ya waliosukuma hamtayakuta. Na watu hao hawakusukuma kimya. Walihesabu pamoja ili wasukume kwa nguvu moja, walitaniana, walilaani tope, wakabishana juu ya nani aliye mjinga, dereva au mvua. Waliyasema hayo kwa Kiswahili na kwa lugha za vijiji vyao, na hakuna aliyeandika.

Kwa hiyo anayetwambia tuyasahau mashindano hayo kwa sababu yalikuwa ya wakubwa, anawapokonya wadogo kitu cha mwisho walichobaki nacho, yaani ushahidi wao. Historia iliyoandikwa na mwenye usukani peke yake ni nusu ya historia. Nusu ya pili imo vifuani mwa wazee. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1953 leo amevuka 90. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1973 amevuka 70. Wakati sisi tunabishana kama gari ni mada ya ushairi, wao wanazikwa, na kila anayezikwa anakwenda na maneno ambayo hayatasikika tena.

Nifanyeje basi, mtaniuliza, niitishe kongamano? La. Huku Upareni tuna msaragambo: siku ya kazi ya pamoja, ambapo kila kaya hutoa mtu na jembe lake; barabara hufunguliwa, mifereji husafishwa, na ndiva, yale mabwawa madogo yanayokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kuelekea mashambani, huondolewa matope. Hakuna anayeulizwa shahada yake, huulizwa jembe. Msamiati wetu wa magari unahitaji msaragambo wa namna hiyo. Kila mshairi asomaye makala hii amtafute dereva mmoja mzee, au fundi, au utingo aliyestaafu. Aketi naye, asimfundishe neno, amsikilize. Aandike maneno kumi, na kwa kila neno aandike gari lilikuwa wapi, mvua ilinyesha vipi, na nani alisukuma. Kisha atunge. Watangazaji wa michezo watachota humo, kama shamba linavyochota katika ndiva. BAKITA nalo lina kazi yake ya kusanifu na kuidhinisha, na siidharau. Lakini halina uwezo wa kusanifu neno ambalo hakuna aliyelipeleka.

Msimu mwingine wa mbio ndefu utakuja, na vijana wetu watautazama kwenye simu zao, hapa Gonja kama kwingineko. Watajifunza majina ya Ferrari na Porsche na Toyota, na hakuna ubaya. Ubaya ni wao kuamini kwamba kila kitu chenye injini lazima kisemwe kwa lugha ya mwingine, na kwamba lugha ya mama na baba ni ya kusalimia na kuzikia tu. Imani hiyo haikutoka kwao. Tuliwapa sisi, kwa kunyamaza.

Nami siku mtakaponijia tena na kauli kwamba Kiswahili hakina maneno ya mbio hizi, nitakuwa na swali moja tu: mlimwuliza nani?