Umeme umefika kijijini, nani anakagua nyaya za ndani?

Kwa miaka mingi swali la vijijini lilikuwa moja: umeme utafika lini? Kwa hesabu za serikali, vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara sasa vimefikiwa, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umehamishia nguvu kwenye vitongoji. Sasa limekuja swali jingine linalogusa uhai wa watu: mita ikishafungwa, nani anaangalia nyaya zilizo ndani ya nyumba?

Jibu fupi ni kwamba ni wewe mwenye nyumba. Gharama ya kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000. Bei hiyo imewekwa chini kwa makusudi, ili mkulima wa kawaida aimudu, lakini nafuu hiyo inaishia kwenye mita. Kuanzia hapo kwenda ndani, nyaya, boksi la kugawia umeme, soketi na taa ni mali yako na gharama yako. Hapo ndipo familia nyingi hubana matumizi kwa kununua waya mwembamba, kuacha kuchimbia waya wa ardhini, au kumwita kijana wa jirani badala ya fundi.

Kwa nyumba ndogo upo UMETA, yaani Umeme Tayari, kifaa kinachokuja na swichi na soketi zake bila kulazimika kutandaza nyaya nyumba nzima. Umesaidia wengi kuanza. Lakini kuanza ni jambo moja, na maisha yanayofuata ni jambo jingine.

Nyumba inakua

Kazi ya kutandaza nyaya ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Utaratibu huo unalenga siku ya kuunganishwa. Tatizo ni siku zinazofuata. Mwaka wa kwanza familia ina taa tatu na chaja ya simu. Baadaye inakuja runinga na king'amuzi, kisha pasi na friji. Chumba cha uani kinapangishwa, naye mpangaji anavutiwa waya kutoka soketi ya sebuleni. Fundi aliyefunga umeme harudi kuangalia, na hakuna anayemwita.

Tufanye hesabu. Umeme wetu ni volti 230. Birika la umeme la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9, na pasi ya wati 1,200 inavuta zaidi ya ampea 5. Vikichomekwa pamoja kwenye ekstensheni moja ni ampea 14. Ekstensheni nyingi za bei rahisi zina waya mwembamba usioweza kubeba mzigo huo. Waya unapata moto kimyakimya, plastiki inalainika, na moto unaanzia nyuma ya kabati au juu ya dari, usiku watu wamelala.

Breka haimlindi mtu

Wengi wanaamini kwamba breka ikiwepo, nyumba iko salama. Kazi ya breka ni kulinda waya. Breka ya ampea 20 hukata pale mzigo unapozidi au waya zinapopiga shoti. Mtoto akigusa waya uliochunika, umeme unaopita mwilini mwake unaweza kuwa sehemu ndogo sana ya ampea moja. Kiasi hicho kinatosha kuua, na breka haitakihisi.

Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, ambacho mafundi wanakiita RCD. Hiki hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Kikiona upungufu wa miliampea 30, yaani ampea 0.03, kinakata mara moja. Kina kitufe cha majaribio, nacho kibonyezwe kila mwezi: umeme usipokatika, mwite fundi.

Mwenzake ni waya wa ardhini, uliounganishwa na fimbo ya chuma iliyozamishwa kwenye udongo. Nyumba ya mabati inauhitaji zaidi, kwa sababu waya ukichunika na kugusa bati, ukuta wote unaweza kuwa na umeme.

Waya wa intaneti nao

Sasa baadhi ya nyumba, maduka na shule zinafunga ruta na kuvuta waya wa intaneti kutoka chumba kimoja hadi kingine. Waya huo usipitishwe ndani ya bomba moja na waya wa umeme. Umeme ukivuja, utasafiri hadi kwenye ruta na mikono ya anayeitumia. Pia usitumike kuwashia taa au kuchomekea pasi. Nyuzi zake ni nyembamba na hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Radi zikianza, chomoa ruta, runinga na waya wa antena unaotoka nje, lakini fanya hivyo kabla mvua haijakaribia.

Nani afanye nini

Nafuu ya shilingi 27,000 imefungua mlango, lakini sera inayolipia mita na kuiacha familia ibane matumizi kwenye usalama ina pengo. Kuhakikisha kila nyumba inayounganishwa kwa nafuu ina RCD na waya wa ardhini kungekuwa hatua ya busara. Serikali ya kijiji nayo inaweza kubandika ofisini majina ya mafundi wenye leseni, na vijana wanaopenda kazi hiyo wakaelekezwa kwenye vyuo vya VETA.

Wakati hayo yakisubiriwa, muulize fundi maswali manne kabla ya kumlipa. Leseni yako iko wapi? Waya wa soketi ni wa milimita ngapi? (Kwa kawaida ni 2.5 kwa soketi na 1.5 kwa taa.) Fimbo ya ardhini umeizamisha wapi, na umeipima? RCD ni ipi kati ya hizi?

Na ukiona soketi imebadilika rangi, ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, au ukigusa friji ikakutekenya, zima swichi kuu siku hiyohiyo na usiiwashe mpaka fundi afike.