Moshi Bila Safari

Kila chombo alichobuni mwanadamu kina wakati wa kazi na wakati wa kupumzika. Jembe hulala ghalani, nyundo hulala sandukuni, na ng'ombe wa kulima huvuliwa nira jua likichwa. Gari peke yake limenyimwa haki hii. Limesimama, haliendi mbele wala nyuma, halimfikishi mtu popote, na bado injini yake inanguruma na kula mafuta. Huu ni upotevu, na nataka kukuonyesha, msomaji, kwamba upotevu huu una mwenyewe, na una wengine wanaoulipia.

Waundaji wa magari waliuona zamani. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Toyota ilikwisha kujaribu kifaa cha kuzima injini gari linaposimama, na leo magari mengi yatokayo Japani yanacho. Kwa kuwa kanuni za Kenya huzuia kuingizwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, magari ya namna hii yameenea mpaka nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Kazi ya kifaa hicho ni nyepesi kueleza. Dereva akisimama na kukanyaga breki, injini huzimika. Akiinua mguu, huwaka tena kama kufumba na kufumbua. Mbele ya dereva pana kitufe cha kukizuia. Aghalabu zuio hilo hufutika gari likizimwa, basi mwenye kukichukia kifaa hukibonyeza kitufe kila asubuhi, kwa bidii ambayo ingefaa jambo bora.

Si haki kumhukumu mtu bila kumsikiliza. Mtu huyu husema kwanza kwamba kifaa kitaua betri na mota ya kuwashia injini. Neno hili ni nusu ya kweli. Gari la namna hii huundwa na mota yenye nguvu zaidi, na betri ya aina yake ambayo bei yake hupita bei ya betri ya kawaida. Anayetia betri ya kawaida ili aokoe fedha asishangae ikifa mapema. Tena kifaa chenyewe kina hadhari: betri ikiwa dhaifu, au injini ikiwa bado baridi, hakiizimi. Husema pili kwamba kuwasha injini upya hula mafuta mengi kuliko kuiacha iwake. Hili si kweli. Wizara ya Nishati ya Marekani huwafundisha madereva kwamba injini iliyoachwa ikiwaka kwa zaidi ya sekunde 10 hula mafuta mengi kuliko kuizima na kuiwasha tena. Husema tatu kwamba kuzimika na kuwaka kila mara huudhi, hasa katika foleni inayotambaa hatua kwa hatua. Hili nalikubali. Gari ni lake, na kitufe kimewekwa ili kitumiwe.

Lakini amwachishaye mtumishi kazi hurithi kazi yake. Ukikizuia kifaa kinachozima injini, wajibu wa kuizima umehamia mkononi mwako. Kosa si kubonyeza kitufe. Kosa ni kukibonyeza, kisha ukaketi nusu saa ukingoja mtu huku injini inawaka. Na yule ambaye gari lake halina kifaa hicho asijione ameachwa huru. Kila gari lina njia ya kulizima, na kila dereva ana mkono.

Utazame mji wa Litein, ulio kando ya barabara itokayo Kericho kwenda Sotik. Hasara yake haiko kwenye taa nyekundu; iko mahali pa kungojea. Iko kwenye kituo cha matatu, ambapo injini hungurumishwa ili abiria wadhani safari imewadia, nao wakiisha kuingia hukaa kungoja viti vijae. Ngurumo hiyo ni uongo wa biashara. Iko mbele ya lango la shule siku ya kufunga, na mbele ya hospitali, ambapo mgonjwa wa kifua hupokewa kwa moshi kabla hajapokewa na mganga. Asubuhi, baridi ya milimani inapoilaza hewa chini, moshi huo hauendi mbali. Hukaa pale pale, kimo cha pua ya mtoto.

Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliutia moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Mwenye gari amefunga vioo. Mwuza mahindi aliyesimama nyuma ya gari hana kioo cha kufunga. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa wa kwao hula sehemu kubwa kuliko mchumaji.

Hata fedha zenyewe hazisameheki. Tuseme injini ndogo ikiwaka bila kwenda hula nusu lita kwa saa, na gari hungoja hivyo saa mbili kwa siku. Hiyo ni lita moja. Katika siku 300 ni lita 300. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Mombasa kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, na tangu hapo petroli na dizeli yetu huja imekwisha kusafishwa ng'ambo. Mkulima huinama shambani tangu alfajiri akichuma majani chai, na chai hiyo huuzwa nje ili nchi ipate fedha za kigeni. Je, ni akili kuzichoma fedha hizo katika gari lililosimama?

Wewe msomaji pengine huna gari leo, lakini unapanda gari, na kesho utaliendesha. Usingoje kesho. Gari likisimama kungoja, sema kwa adabu: "Tafadhali, baba, tuzimie injini." Akikataa, hukupoteza kitu, akikubali, wote waliosimama kando ya barabara wamepata hewa safi. Na siku utakaposhika usukani wewe mwenyewe, bonyeza kitufe chochote upendacho, ila usisahau kazi uliyoirithi.