Jibu la Gideoni na Jibu la Yeftha

Masomo: Mithali 15:1; Waamuzi 8:1-17; Waamuzi 12:1-6

Mwezi huu tuongee juu ya ulimi.

Mithali 15:1 inatufundisha ya kwamba jibu la upole linatuliza hasira, na neno kali linaiamsha. Wengi tunalijua andiko hili kwa kichwa tangu utoto. Lakini Biblia haikutuachia fundisho tupu. Katika kitabu cha Waamuzi tunaona watu wawili walioshitakiwa neno moja, na kabila moja, nao wakajibu tofauti. Tuangalie matunda.

1. Gideoni alijishusha

Gideoni alikuwa amewashinda Wamidiani. Watu wa Efraimu wakamjia kwa hasira: kwa nini hukutuita wakati wa kwenda vitani? Efraimu lilikuwa kabila kubwa, lenye kupenda heshima. Gideoni angeweza kusema: "Mungu aliniita miye, ninyi mulikuwa wapi?" Hakusema hivyo. Alijibu kwa mfano wa zabibu: yale masazo ya shamba la Efraimu yanapita mavuno yote ya jamaa yake. Tena akawakumbusha ya kuwa Mungu aliwatia mikononi mwao wakubwa wawili wa Midiani, Orebu na Zeebu. Hakusema uongo. Alitafuta neno la kweli lenye kumheshimu mwenzake, akalitanguliza. Hasira yao ikapoa, na hakuna mtu aliyekufa siku ile.

2. Yeftha alihesabu haki yake

Miaka ikapita. Efraimu wakamjia Yeftha wa Gileadi na shitaki lile lile, tena wakamwambia watamchomea nyumba naye ndani. Yeftha alikuwa mtu mwenye kidonda moyoni: ndugu zake walimfukuza nyumbani juu ya mama yake. Akajibu: niliwaita, hamkuja, nikahatarisha maisha yangu mimi mwenyewe. Labda yote ni kweli. Lakini hakuacha nafasi hata kidogo ya mwenzake kurudi kwa heshima. Akakusanya watu, wakapigana.

Angalieni sana mstari wa 4. Efraimu waliwatukana watu wa Gileadi kwamba wao ni watoro tu, wakimbizi wa Efraimu. Tusi hilo ndilo lililotia moto. Kisha, kwenye vivuko vya Yordani, kila mtu aliyetaka kuvuka aliambiwa aseme "Shibolethi". Aliyesema "Sibolethi" aliuawa. Wakafa watu 42,000. Wote walikuwa Waisraeli, wote walimwomba Mungu mmoja.

Ndugu zangu, nani kwetu asiyeelewa habari hiyo? Mwezi wa tatu wa mwaka 1993 vita ilianza katika soko la Ntoto, huko Walikale, ikapanda mpaka Masisi, na maelfu ya watu wakafa. Mbele ya panga kulitangulia maneno: nani mwenye inchi, nani mgeni, nani arudi kwao. Tangu pale, kwenye barieri, mara ngapi mtu ameulizwa kabila lake, na watu wakasikiliza ulimi wake namna unavyotamka? Na Lushebere, mahali palipowekwa kambi ya watu waliokimbia vita, tunajua namna neno "mkimbizi" linavyoweza kusemwa kwa huruma, au kutupwa sawasawa na jiwe.

Lakini tunajua pia mfano wa Gideoni. Mwaka 1998 wazee wa makabila tisa ya Kivu ya Kaskazini walianza kukaa pamoja katika Baraza: Wahunde, Wahutu, Wakano, Wakumu, Wanande, Wanyanga, Warega, Watembo na Watutsi. Habari mbaya ikitoka kijijini, iliongewa mezani mbele haijageuka vita. Kisha mashindano ya siasa yakaingia kati yao, na mwaka 2005 Baraza likavunjika. Upole hauwekwi akiba kama mahindi. Unapikwa kila siku.

3. Sukothi: mahali Gideoni alipoanguka

Wahubiri wengi tunaishia mstari wa 3. Tuendelee. Gideoni alifika Sukothi na watu wake 300 waliochoka, akaomba mikate. Wakamnyima. Mtu yule yule wa maneno matamu akaapa kuwapasua kwa miiba. Akarudi na majina ya wazee 77 yaliyoandikwa, akatimiza. Huko Penueli akabomoa mnara, akaua watu wa mji.

Kwa nini upole kwa Efraimu na miiba kwa Sukothi? Efraimu walikuwa na nguvu. Sukothi ulikuwa mji mdogo. Hapo ndipo Neno linatupima. Mbele ya mnunuzi wa mawe mwenye mizani, mwenye shimo anainama: "Ndiyo patron." Akirudi kwa mchimbaji na mbeba mizigo anapaaza sauti: "Unanijua miye?" Mbele ya mwenye bunduki baba anasema polepole. Akifika nyumbani mfuko mtupu, mama akiuliza chumvi, anamrukia. Mama naye anamalizia hasira kwa mtoto wa kulea. Upole kwa mkubwa peke yake ni woga uliovaa nguo ya Jumapili. Bwana Yesu alinyamaza mbele ya Pilato, lakini watoto wadogo aliwakumbatia.

4. Tufanye nini?

Wachimbaji: mashimo mawili yakikutana chini, msijibizane gizani. Pandeni juu, mwite wazee, kila mmoja aseme kwanza haki ya mwenzake, halafu yake. Kilo ikipunguzwa, dai kilo yako, bila kutukana kabila la mnunuzi. Upole haukatazi kudai.

Wababa na wamama: "Mama, leo sikupata kitu" ni maneno manne, nayo yanaponya usiku mzima. Na jibu "Pole Papa, tutakula kilichopo" ni mavuno ya zabibu.

Vijana: sauti inayotukana kabila ikifika katika simu yako, ifie hapo. Ukiituma mbele, wewe pia umesimama kwenye kivuko.

Maulizo ya kuongea nyumbani:
1. Katika nyumba yetu, nani ni Efraimu na nani ni Sukothi?
2. Ni jina gani la kudharau watu tunalolitumia tukifikiri ni mchezo?
3. Ni nani tunayepaswa kumwendea wiki hii na neno la upole?

Tuombe: Bwana, weka mlinzi mlangoni pa midomo yetu. Utupe jibu la upole kwa mwenye nguvu, na lile lile kwa mdogo. Katika jina la Yesu. Amina.