Acheni Kuwasuta Wazazi wa Kilwa

Kila tarehe 3 Desemba, Siku ya Watu Wenye Ulemavu, mgeni rasmi hupanda jukwaani na wimbo uleule: wazazi, acheni kuwaficha watoto! Anapigiwa makofi, msafara unaondoka. Wawatoe wawapeleke wapi?

Mama anayekwenda kwenye mwani alfajiri na kumfungia ndani kijana wake mwenye ulemavu wa akili hana roho mbaya. Anaogopa bahari, anaogopa kisima, na kama ni binti, anaogopa wanaume. Hana mtu wa kumwachia. Hilo ndilo mnaloliita kuficha.

Historia inatusuta sisi, si yeye. Wamisionari wa Kijerumani waliigeuza Lutindi, kule Usambara, kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1904. Waingereza wakaja na Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Lakini ulemavu wa akili si wazimu. Hauponi kwa vidonge, sembuse kwa kufuli. Mtoto huyu anahitaji mwalimu. Na kwenye ualimu aliwekwa mkiani: wasioona walipata shule ya Buigiri mwaka 1950, viziwi wakapata ya Tabora mwaka 1963, yeye akasubirishwa hadi miaka ya 1980.

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa watu wenye ulemavu. Mwaka huohuo UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika urithi wa dunia. Mwaka 2004 magofu yakatangazwa kuwa hatarini. Zikatafutwa fedha, wakaja mafundi na wataalamu, kuta zikaimarishwa, na mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha ya hatari. Nayapenda magofu yale, ni kazi ya wazee wetu. Ila miaka kumi ilitosha kunusuru kuta za matumbawe. Watoto tuwape mingapi?

Wengine hawakuzaliwa na ulemavu huu. Uchungu uliochelewa, mtoto akakosa hewa. Au degedege la malaria lililokosa dawa mapema. Mama wa Songo Mnara akitaka kufika hospitali ya wilaya, Kinyonga, lazima aanze na mashua. Huduma ikimchelewa, mtoto akaumia, miaka sita baadaye anasimamishwa mbele ya umma na kuambiwa ana mila potofu. Huu ni uonevu.

Msituambie fedha hakuna. Gesi ya Songo Songo, hapahapa Kilwa, imekuwa ikiendesha mitambo ya umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Wala msituambie sheria hakuna: ile ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma shule ya kawaida kama wenzake. Lakini karatasi haimfundishi mtu kufunga vifungo vya shati, kuhesabu chenji au kusema hapana anaposhikwa vibaya. Hayo hufundishwa na mwalimu wa elimu maalum, na chuo cha Patandi, Arusha, kinawaandaa.

Basi madiwani wa Kilwa na Lindi, bajeti ijayo isomeni hadharani: kata ipi ina kitengo cha elimu maalum, kina walimu wangapi waliosomea kazi hiyo, na mtoto wa kisiwani atavushwa kwa nauli ya nani. Mkishajibu hayo, ndipo mkabishe hodi kwa mama yule mkamuulize mwanawe yuko wapi.