Binti Akisema Anataka Kurusha Ndege



Ndege ya mafunzo ikianguka, sisi kina mama kesi huimaliza siku hiyo hiyo kwenye simu. Mwanafunzi kakosea, basi. Na binti wa nyumbani aliyekuwa akitamani urubani anaambiwa aachane na hayo, akasomee kitu kingine.

Hukumu hiyo hatukubaliani nayo. Tukumbuke ya Nairobi, tarehe 5 Machi 2024. Ndege ndogo ya mafunzo, Cessna 172, iligongana angani na ndege ya abiria ya Safarilink iliyokuwa imeondoka uwanja wa Wilson na watu 44, ikielekea Diani. Ile kubwa ilirudi Wilson salama. Ile ndogo iliangukia ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na waliokuwamo, mwanafunzi na mkufunzi wake, wote wawili walifariki. Mwenyezi Mungu azipe subira familia zao.

Hapo mwanafunzi hakuwa peke yake. Pembeni yake alikaa mwalimu mwenye usukani wake, na uwanjani kulikuwa na waongoza ndege. Wilson ni uwanja wenye shughuli nyingi, wanaojifunza na wanaobeba watalii wakipishana katika anga hiyo hiyo. Ndege ndogo hukwepana kwa redio na kwa macho, na jicho lina mipaka yake. Ndege inayokuja kukugonga haionekani kusogea, inabaki palepale kwenye kioo ikizidi kuwa kubwa. Cessna 172 nayo ina bawa juu ya vichwa vya waliomo, linaloziba yanayotoka juu. (Gari la kujifunzia lina alama ya L. Angani hakuna.)

Ndiyo maana sheria za kimataifa za anga zinasema uchunguzi wa ajali ni wa kuzuia nyingine isitokee, si wa kutafuta wa kulaumiwa. Na sisi tuliofundishwa kuhakikisha habari kabla ya kuibeba, hili lisitushinde.

Tena uwanja wenyewe una jina la mwanamke. Florence Kerr Wilson alianzisha shirika lake la ndege Nairobi mwaka 1929, wakati ambao hata wanaume wengi walikuwa hawajapanda ndege. Leo sisi wa visiwani tunapanda ndege ndogo kwenda Pemba au Dar kama tunavyopanda daladala, halafu tunashtuka binti akitaka kukaa kiti cha mbele!

Hofu ya mama ni haki yake, hatuidharau. Lakini iende kwa mwenye chuo, isiishie kwa mtoto. Leseni ya rubani binafsi hutaka angalau saa 40 angani. Mama aulize saa hizo zitarukwa wapi, na eneo hilo limetengwa vipi na njia za ndege za abiria. Ndege zao zina kifaa cha kuonya nyingine ikikaribia? Mkufunzi anaruka mara ngapi kwa siku? Na mwanafunzi akisema leo hali ya hewa siiamini, siruki, anasikilizwa, au anaambiwa muoga na pesa yake imepotea?

Chuo kinachokasirikia maswali hayo, tusikilipe hata shilingi.