Nadra kwa nani?

Wadau, wiki iliyopita nilikuwa Lingeka, Simiyu, nikifuatilia habari ya bei ya pamba. Saa saba mchana nikamkuta kijana wa rika langu, mwenye ualbino, anapalilia. Kofia hana. Sikioni ana kidonda.

"Kidonda tu, kaka. Mwezi wa sita sasa, kinafunga kinafunguka."

Mimi si daktari, lakini nilistuka. Nikamwachia kofia yangu na kumsihi awahi hospitali, ikibidi mpaka Bugando, Mwanza.

Usiku ule gesti, usingizi haukuja. Nikawa nasoma kuhusu cemiplimab, dawa ya saratani ya ngozi ya aina ya skwamasi. Kwa kifupi, kinga ya mwili ina breki zake. Saratani huikanyaga breki, askari wa mwili wakabaki wanatazama tu. Dawa hii huutoa ule mguu kwenye breki. Mwaka 2018 yalitoka majibu ya majaribio: kati ya wagonjwa 59 ambao saratani ilishasambaa mwilini, 28 uvimbe wao ulipungua au kwisha. Mwaka huohuo Marekani ikaidhinisha dawa. Safi sana!

Sasa tuulizane, waliojaribiwa ni akina nani? Majaribio yale yalifanyika Marekani, Australia na Ujerumani. Nusu ya wagonjwa walikuwa na miaka 71 au zaidi. Yaani wazee, wengi wao wazungu waliopigwa na jua maisha yao yote.

Vitabu vinasema saratani ya ngozi kwa Mwafrika ni nadra. Nadra kwa nani jamani? Mtu mwenye ualbino hana melanini ya kutosha kumkinga, na huku kwetu wengi huipata wangali vijana. Ukimhesabu ndani ya kundi la Waafrika wote, anapotea. Halafu majaribio yanapopangwa, hakuna anayemkumbuka.

Najua kuna atakayesema: kofia zenyewe hakuna, wewe unazungumzia dawa za mamilioni! Nakubali. Kofia, mafuta ya kujikinga na jua kama Kilisun inayotengenezwa Moshi, na kukata kidonda mapema, hayo ndiyo ya kwanza. Saratani hii ikiwahiwa, mara nyingi upasuaji unaimaliza.

Lakini aliyechelewa tumwambie nini? Arudi akapalilie?

Hoja yangu ni kwamba NIMR, Ocean Road na Bugando wabishe hodi kwa wenye dawa hizi, wadai watu wenye ualbino wa Tanzania wawemo kwenye majaribio yajayo. Na mkataba useme wazi: dawa ikimfaa mgonjwa, aendelee kuipata hata jaribio likiisha. Bila hilo, tutakuwa tumewageuza sungura wa maabara.

Mnasemaje wadau? Naomba kuwasilisha.